Nyegezi ni Stendi Tu

Wabeja sana kwa kunialika. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimekuja kwa daladala, konda ananing'inia mlangoni, "Nyegezi, Nyegezi!", wala hana kibali cha mtu. Mnacheka kwa sababu kisa mnakijua. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilifungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, kwa kuwa jina la mtaa wetu lilichezewa humo mpaka likanuka chumbani. Desemba wasanii hao wakaupiga jukwaani hapa hapa Mwanza, wakafungiwa hata maonyesho. Wakaomba radhi; Januari 2019 wakafunguliwa.

Ule haukuwa ushujaa, ulikuwa utundu. Ila tazameni kazi ya marufuku. Bibi yangu akisikia Nyegezi alikuwa anawaza stendi ya mabasi. Baada ya tangazo, naye akajua. Anayefungia fumbo hana budi kulifumbua kwanza, tena kwa kipaza sauti.

Sasa Nay wa Mitego ni habari nyingine. Machi 2017 alikamatwa Morogoro kwa wimbo wake "Wapo", uliowachokonoa wakubwa. Haukupita muda Waziri wa Habari, Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, upigwe, tena msanii aongeze na wakwepa kodi. Watu walishangilia. Mimi nilinyong'onyea. Wimbo uliotolewa kifungoni kwa mdomo wa mtu mmoja, mdomo huohuo unaweza kuurudisha. Ile ilikuwa fadhila, na fadhila huwezi kwenda kuidai mahakamani.

Wazee wa huku walikuwa na njia yao. Kuanzia 1954 hadi 1958 mkoloni alikataza TANU kuendesha shughuli zake Usukumani. Ngoma ziliendelea. Bagalu na Bagika, vyama vya ngoma vya Wasukuma, wanapopambana, kila upande na manju wake, kiongozi wa nyimbo, maneno yanauma kuliko fimbo, na kati ya kumkejeli mpinzani na kumsifia nyoka wa ngomani, siasa ilipata pa kupita. Ofisa aliyesimama pembeni na kalamu angeandika nini? Kwamba wakulima wanacheza baada ya mavuno? Maana ilikuwa kwa wasikilizaji, na wasikilizaji wote huwezi kuwafungia.

Lakini sijaja kusifia mafumbo tu, maana fumbo nalo lina uoga wake. Miaka fulani niliandika igizo la mtendaji wa kijiji anayekula michango ya msiba. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna barua. Usiku mmoja nikamfuta mwenyewe, nikaweka mganga wa kienyeji. Tulicheza Igoma, uwanja ukajaa, watu wakacheka mpaka machozi. Mtendaji wetu alikaa kiti cha mbele, akacheka kuliko wote, na mwisho akapanda jukwaani kumtunza mganga noti ya elfu kumi.