Mwaga Kikapu Mezani: Safari Yangu ya Kutibu Magonjwa Sugu

Mhadhara uliotolewa Masasi, mkoani Mtwara, mbele ya wahudumu wa afya ya jamii na waganga wa tiba asili

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wahudumu, na mama zangu waganga mliotoka nyumbani alfajiri, karibuni. Mlipoingia mmepita unga wa muhogo umeanikwa kwenye mkeka pale nje. Niliuloweka mwenyewe saa nne asubuhi hii, nikauanika. Tuuache kwanza, tutaurudia.

Mmeniomba nieleze nilivyofika kwenye kuwatibu watu ambao kila mlango umewachoka. Mtu ana kisukari, ana presha, nyayo zinawaka moto, tumbo linajaa, usingizi hana.

Bibi yangu alikuwa mganga wa mitishamba Newala. Mgonjwa akija, hakupewa dawa siku ile. Alikalishwa chini ya mkorosho akaulizwa: unalala wapi, unakula nini, nani kakuudhi, mara ya mwisho ulizika lini? Mimi mtoto niliona bibi anapoteza muda. Nikasomea uuguzi, nikakaa wodini miaka 9, na huko nikavipenda vitu ambavyo bibi hakuwa navyo: kipimo cha sukari, mashine ya presha, dripu inayomrudisha mtoto aliyekwisha kulegea. Sitavisema vibaya hata leo. Lakini mgonjwa wa maradhi manne nilimwona akirudi kila mwezi, karatasi zinaongezeka, mwili unapungua, na mimi nina dakika chache tu za kumsikiliza.

Ndipo nikaenda India kusoma naturopathia, yaani tiba inayotumia chakula, maji, mazoezi, mapumziko na mimea. Shahada yake kule ni miaka mitano na nusu, ukihesabu na mwaka wa mazoezi ya vitendo. Jina hilo lilienezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 na Mjerumani Benedict Lust, ambaye mwenyewe alikuwa ametibiwa kwa maji na padri Sebastian Kneipp. Gandhi naye aliipenda sana. Walimu wangu walisisitiza mambo mawili kuliko mengine yote: usimdhuru mgonjwa, na utafute chanzo. Nilipoyasikia nilimkumbuka bibi chini ya mkorosho wake.

Nikarudi Mtwara na shahada, nikiamini nimekamilika. Sikuwa nimekamilika.

Alikuja mama mmoja mkulima wa korosho, mwenye kisukari. Nilimsikiliza saa nzima. Nikampangia chakula, nikampa na juisi ya karela, lile tunda chungu la Kihindi, kwa sababu karela inaweza kushusha sukari. Nilimuuliza anatumia dawa gani, akasema za hospitali, za sukari. Nami nikaishia hapo! Sikumwambia azilete nizione. Alikuwa anameza glibenklamidi, nayo inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala. Siku ya nne aliamkia shambani bila kifungua kinywa, kameza kidonge, kanywa na juisi yangu. Walimkuta chini ya mkorosho, sukari imeshuka mno, katota jasho, maneno hayaeleweki. Mwanawe alikuwa na akili ya haraka, akampaka sukari ndani ya shavu, wakamkimbiza hospitali. Alipona. Nilikwenda kumwomba radhi mbele ya watoto wake, na kwa wiki kadhaa sikumpa mtu yeyote mmea wowote.

Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, na kuna Baraza linalotusajili. Nawasihi ambao hamjajisajili mkajisajili. Lakini cheti changu kilikuwa kinaning'inia ukutani siku ile mama yule alipoanguka.

Tangu hapo hakuna mgonjwa anayeanza kwangu bila kuja na kikapu. Namwambia: mama, weka humo kila unachomeza, unachokunywa, unachojipaka. Vya hospitali, vya dukani, vya mganga, vya jirani. Kisha mwaga mezani. Mtashangaa. Utakuta dawa moja ya maumivu kwa majina matatu, na mtu anazimeza zote huku analalamika tumbo. Utakuta mzizi ambao hata aliyempa haujui vizuri. Simwachishi mtu dawa ya presha wala insulini. Kama sukari inaanza kutulia kwa chakula na kutembea, namwandikia daktari wake barua, na yeye ndiye anayepunguza dozi. Mama zangu waganga, hili nalisema kwa upendo: mtu akikuambia ameacha sindano za insulini ili anywe dawa yako, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa chanzo. Hapa mkoani kwetu yupo mtu mnayemjua, aliyelala mzima akaamka miguu imekakamaa, anatembea kwa vidole kama amefungwa kamba. Mara nyingi ni mtoto, au mama aliye katika umri wa kuzaa. Wengi wakasema karogwa. Ugonjwa huo unaitwa konzo, neno lililotoka Kongo, na umeshatokea hapa Mtwara. Unaletwa na sumu ya sianidi iliyomo kwenye muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, mwili unapokosa protini. Mwili huivunja sumu ile kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini, kama ya samaki, mayai na kunde. Mwaka wa ukame muhogo unazidi uchungu, kitoweo hakuna, na njaa haisubiri makopa yakauke. Watu wanatwanga na kuanika na kula siku moja. Miguu ikishakakamaa haina dawa ya kuirudisha, si kwangu wala hospitali, ingawa mazoezi na fimbo nzuri vinamsaidia mtu. Nimewakanda watoto hao. Nimelia nao. Hakuna aliyekuwa ameingia jikoni kwao kabla.

Kwa hiyo unga ule. Tia unga mkavu kwenye bakuli, weka alama ulipofika. Ongeza maji huku unakoroga. Kwanza utashuka, endelea mpaka upande tena hadi kwenye alama. Utandaze mwembamba, usizidi sentimita moja, uukalishe kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Kisha usonge ugali siku hiyo hiyo.

Naona saa imekaribia sita. Inukeni twende nje tukaushike kwa mikono, halafu wenzetu wa jikoni wauchukue.