Saini ya Kielektroniki kwa Nyaraka za Kampuni: Chagua Hii, Acha Ile

Mbukwenyi wadau! Karibuni steshenari, hapa Dodoma mjini, jirani na soko la Majengo. Hizo kelele ni za wauza nyanya, mtazizoea. Leo tunachagua saini ya kielektroniki ya kuweka kwenye nyaraka za kampuni, ile ambayo hata mwenyewe akija kuikana mbele ya wakili, faili linamsuta.

Kompyuta iwashwe, programu ya Adobe Acrobat Reader iwepo, ile ya bure inatosha. Kufungua faili mnajua, naruka.

Dogo, sogeza kamera, waone skrini, sura yangu wameshaichoka. Hapa nina azimio la bodi la kampuni ya mfano. Chini pana mistari miwili, wa mkurugenzi na wa katibu wa kampuni. Nitasaini huu wa mkurugenzi kwa namna nne.

Ya kwanza, naandika jina kwa kibodi. Basi. Ya pili, nabandika picha ya saini niliyoipiga kwa simu. Ya tatu nachora kwa mausi... tazameni, kama kuku amepita kwenye vumbi. Ya nne ni saini ya kidijitali yenye cheti, yaani kitambulisho cha kielektroniki cha anayesaini, na hiyo ndiyo tutakayokaa nayo.

Wengi mkiziona hivi mnapenda ya pili, kwa sababu inafanana na ile ya kwenye karatasi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeeleza saini ya kielektroniki kwa upana, hata alama au sauti inaweza kuingia, ilimradi imtambulishe mtu na kuonyesha ameridhia. Lakini pale sheria nyingine inapodai saini, sheria hiyo inataka saini ya kielektroniki iliyo salama. Salama vipi? Iwe ya mtu huyo peke yake kwa shughuli hiyo. Imtambulishe. Iwekwe kwa njia iliyo mikononi mwake mwenyewe. Na ishikamane na waraka kiasi kwamba ukibadilishwa, badiliko lionekane.

Haya, tuipime picha yangu. Naikata hapa, naibandika kwenye mkataba wa kuuza pikipiki. Umeona? Pikipiki imeuzwa. Na nikigeuza hisa 100 kuwa 1,000 juu huku, picha imetulia, haisemi kitu. Kwa hiyo barua ya kuitisha kikao au ya kukiri umepokea mzigo, weka picha, sina ugomvi na wewe. Hisa, wakurugenzi, maazimio ya bodi, mimi nasema cheti.

Ila usikimbilie. Kabla ya kujiuliza unapenda ipi, uliza anayepokea anataka ipi. Kwenye ORS, mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wale wanaosajili kampuni, mnaoingilia kwa namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kuna fomu ambazo ukishajaza unazipakua, zinasainiwa, unazipandisha tena. Soma maelekezo ya fomu yako. Palipoandikwa usaini mbele ya kamishna wa viapo, maana yake wakili akuone ukisaini, naye agonge muhuri wake. Usichore kwa kidole ukiwa kwenye daladala ya Mtumba. Na ukiambiwa saini kwa kalamu, saini kwa kalamu, skani, pandisha. Mimi hapo napata hela ya skana, nalalamika nini?

Turudi kwenye cheti. Kinakwenda na funguo mbili. Ufunguo binafsi unabaki kwako, ndani ya faili lenye nywila au ndani ya tokeni, kidude cha kuchomeka kwenye USB. Ufunguo wa umma unasafiri na saini. Ukisaini, programu inalikokotoa faili lote na kupata alama yake fupi, kisha inaifunga alama hiyo kwa ufunguo binafsi. Anayepokea, programu yake inakokotoa upya. Hata koma moja ikiwa imehama, alama hazilingani.

Mausi kwenye zana, vyeti, kusaini kidijitali. Nachora kisanduku juu ya mstari. Inaniuliza natumia utambulisho upi. Unaweza kujitengenezea cheti bure, na ndicho nitakachotumia leo kwa sababu tunajifunza. Kwa nyaraka za kweli, hapana. Mimi hapa naweza kujitengenezea cheti chenye jina la tajiri yeyote wa mji huu, na kompyuta ya anayepokea itaweka alama ya onyo kwamba haimjui mwenye saini. Tafuta cheti cha mtoa huduma anayekagua kitambulisho chako kwanza. Muulize kama ofisi unayoipelekea nyaraka inakikubali, na kama Adobe inakitambua. Jina lilingane na la NIDA herufi kwa herufi. NIDA ikisema Mohamedi na cheti kikasema Mohammed, utaeleza mpaka uchoke.

Nabofya... Ngoja. Ngoja, usikate! Dogo, vuta karibu hapo chini kulia. Mnaona mwaka? 2019. Umeme ulikatika asubuhi, na betri ndogo ya ndani ya hii kompyuta imekufa, saa imerudi nyuma. Kipande hiki kibaki. Saini isiyo na muhuri wa muda, yaani tarehe na saa kutoka seva iliyo nje ya kompyuta yako, inachukua saa ya kompyuta yako. Ningesaini sasa hivi, azimio lingeonekana limesainiwa kabla cheti hakijazaliwa. Narekebisha tarehe, saa, ukanda wa Afrika Mashariki. Tayari. Mtoa huduma wako akiwa na seva ya muhuri wa muda, iunganishe, usitegemee saa ya steshenari.

Sasa nisikilizeni, acheni chapati. KABLA ya kusaini, unganisha kurasa zote. KABLA ya kusaini, punguza ukubwa wa faili, maana mifumo mingi ina kikomo. Viambatisho, namba za kurasa, lile neno uliloandika “mkurungezi”, yote kabla. Ukishasaini, mikono juu! Kuna mteja alisaini vizuri kabisa, faili likawa zito, akalipeleka kwenye tovuti ya kupunguza PDF. Likarudi jepesi, picha ya saini ipo, cheti hakipo. Usilichapishe ukaliskani. Usiligeuze kuwa PDF nyingine. WhatsApp tuma kama faili, usipige picha ya skrini. Waliokuwa wanajibu simu, narudia: kuunganisha na kupunguza ni kabla. Baada ya saini hakuna kugusa, isipokuwa mwenzako kuongeza saini yake.

Hapa pana kisanduku cha kufunga waraka baada ya kusaini. Kama yupo wa kusaini baada yako, usiweke tiki. Mkurugenzi yuko Dar, katibu yuko Kondoa: mkurugenzi anasaini bila kufunga, anamtumia katibu faili hilohilo, katibu anasaini ndani yake, ndipo anafunga. Kila mtu akisaini nakala yake, mtakuwa na maazimio mawili yenye saini mojamoja, na hakuna lililokamilika. Treni ya SGR ipo, najua, lakini kumpandisha mtu treni aje kuweka saini tu?

Naandika nywila. Dogo, geuza kamera. Geuza! Asante. Nywila hii usimpe karani, usimpe shemeji, usinipe mimi. Watu wananiachia tokeni na nywila kwenye kikaratasi: “Utanisainia kaka, nawahi Ihumwa.” Nikikusainia, lile sharti la kuwa mikononi mwako mwenyewe limekufa hapohapo. Siku mkigombana na wenye hisa wenzako, nitaitwa mimi kueleza. Sitaki.

Nahifadhi kwa jina jipya. Nafungua paneli ya saini: jina, saa, na kwamba waraka haujabadilishwa tangu usainiwe. Onyo la kutomjua msainiji lipo, si mnakumbuka cheti nimejitengenezea? Sasa natoa nakala, naongeza maoni ya neno moja pembeni. Tazama paneli. Inasema kuna kitu kimeongezwa baada ya saini. Picha yetu ya pili ingekaa kimya.

Nakala hiyo naifuta, isije ikatumwa kwa bahati mbaya. Lile la kwanza linakwenda kwa katibu, akimaliza linapandishwa kama lilivyo, na mtunze faili lenyewe, si lililochapishwa tu.

Wanaotaka kupangiwa kurasa na kupunguziwa faili, nipo hadi saa mbili usiku, Jumapili baada ya ibada. Kusaini mtasaini wenyewe.