Picha za chapa za kale na kuta za nyumba zetu

(Mhadhara uliotolewa Kigoma mjini, mbele ya walimu, mafundi seremala na wakazi wa Kigoma na Ujiji)

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, ndugu zangu, habari za jioni. Na ninyi vijana mliokaa kule mlangoni, sogeeni mbele, maana nimekuja na karatasi na nataka kila mmoja aione kwa macho yake.

Hii niliyoishika ina umri wa zaidi ya miaka 150. Ni ukurasa wa gazeti la Illustrated London News la mwaka 1872. Gazeti hilo lilianza London mwaka 1842, likajulikana kwa kujaza michoro mahali ambapo wenzake walijaza maneno matupu. Mnaitambua kabla sijasema: wanaume wawili wanasalimiana kwa kofia, na nyuma yao wamesimama watu wa kanzu na vilemba. Ni Livingstone, mmisionari na mpelelezi, na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta. Ni Ujiji. Ukitoka hapa ukapanda daladala hujamaliza kuzungumza na jirani yako umeshafika.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi nikiwa na picha hii kwenye kitabu cha darasani, imepunguzwa mpaka ukubwa wa kiganja. Siku nilipoishika yenyewe, karatasi ya siku ile, nilikaa nayo mezani mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo nimekuwa mkusanyaji. Ninachowaomba jioni hii ni kwamba picha za namna hii tuzirudishe kwenye kuta zetu, na anayeitundika ajue kwamba ameichukulia dhamana karatasi, na pia ameichukulia dhamana habari iliyomo.

Tuanze na jinsi ilivyotengenezwa. Mwaka 1872 gazeti halikuwa na njia ya kuchapa picha ya kamera pamoja na herufi. Mchoraji alichora juu ya ubao wa mti mgumu unaoitwa boksi, na mchongaji akachonga kwa patasi ndogo, akiondoa mbao pale panapotakiwa kubaki peupe. Mti wa boksi ni mwembamba, hautoi ubao mpana. Kwa hiyo vipande vidogo viliunganishwa kwa boliti nyuma, mchoro ukapitishwa juu ya vyote, kisha vikafunguliwa na kugawiwa kwa wachongaji tofauti wafanye kazi usiku kucha, kila mtu na kipande chake. Asubuhi vinaunganishwa tena. Mkija hapa mezani na kioo cha kukuzia, mtafute mstari mweupe mwembamba kama unywele unaokata mchoro. Hapo ndipo vipande vilipokutana, na kila upande wa mstari ule palikuwa na mkono wa mtu mwingine. Wachongaji wale walikuwa London. Ziwa Tanganyika walilijua kwa kusimuliwa.

Na aliyewasimulia ni nani? Ni Stanley. Aliutolea ushuhuda kwa maandishi yaliyochapwa, kwamba ndiye aliyetoa maelezo na kwamba mchoro ni sahihi sawasawa na kana kwamba tukio lilipigwa picha. Mimi huwasimamisha wanafunzi wangu hapo hapo. Anayeshuhudia usahihi wa picha ni yule yule anayesifiwa na picha.

Sasa niulize: Susi yuko wapi? Stanley mwenyewe aliandika kwamba msafara wake ulipokaribia Ujiji, aliyetoka mbio kuulaki, akamwamkia kwa Kiingereza, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Chuma naye alikuwepo. Hao ndio walioubeba mwili wa Livingstone baada ya kufa mwaka 1873, wakaupitisha Unyanyembe, pale Tabora, mpaka pwani Bagamoyo. Kiongozi wa askari wa msafara wa Stanley alikuwa Mubarak Bombay, mtu aliyekwisha kutembea nchi hii na wapelelezi Burton na Speke walipofika ziwani mwaka 1858. Mchoro huu umejulikana dunia nzima kwa majina mawili tu, na hakuna kati ya hayo matatu niliyoyataja sasa.

Ndiyo maana nyumbani kwangu, chini ya fremu, nimebandika kikaratasi chenye mwandiko wangu: Susi, Chuma, Bombay, na wenyeji wa Ujiji ambao majina yao hayakuandikwa. Wajukuu huanza kusoma kikaratasi kabla ya kuangalia kofia. Watu wameniambia nitupe picha hiyo kwa sababu ni ya wakoloni. Sikubaliani nao. Ukiitupa, anayebaki nayo ni mtu wa mbali ambaye hana sababu ya kuandika jina la Susi. Ukiwa nayo sebuleni, wewe ndiye unayeieleza.

Lakini msidhani picha za kale ni za Wazungu pekee na lazima zinunuliwe ng'ambo. Nyingi zimo ndani ya nyumba zetu na tunaziwashia moto. Ingieni nyumba za zamani za Ujiji, mtaona picha ya Makka imetundikwa juu karibu na dari, rangi ya dhahabu kwenye ukingo. Nendeni kwa familia za Kikatoliki, mtakuta Moyo Mtakatifu wa Yesu na Bikira Maria; mapadri wa White Fathers walifika Ujiji mwaka 1879, na picha takatifu ni kitu kilichoingia nyumba nyingi pamoja na rozari. Utotoni mwangu Tabora, kwenye duka la Mhindi karibu na stesheni, nilikuwa namtazama mungu wao wa kike amesimama juu ya ua la yungiyungi, sarafu zikimdondoka mkononi. Miaka mingi baadaye nikajifunza kwamba picha za namna ile zilienea kutokana na kiwanda cha chapa alichokianzisha mchoraji Raja Ravi Varma karibu na mji wa Bombay, India, mwaka 1894, ili mtu asiye na uwezo wa kununua mchoro wa rangi ya mafuta naye awe na picha nyumbani kwake.

Hizo zilichapwa kwa jiwe. Mjerumani Alois Senefelder aligundua njia hiyo mwaka 1796: unachora juu ya jiwe laini la chokaa kwa kalamu yenye mafuta, unalilowesha kwa maji, kisha unapitisha wino. Maji na mafuta havipatani, kwa hiyo wino hushika palipochorwa tu. Kila rangi ina jiwe lake, na karatasi ile ile inapita juu ya kila jiwe kwa zamu. Mkiona wekundu umetoka nje kidogo ya mdomo wa Bikira Maria, siku hiyo karatasi haikukaa sawa juu ya jiwe. Mimi hupenda kasoro hiyo kuliko picha safi.

Mtajuaje kwamba mnachouziwa ni cha kale? Kioo cha kukuzia. Ukiona nukta ndogo zimepangwa sawasawa kama asali kwenye sega, rangi nne zikijirudia, hiyo ni ofseti, chapa ya kisasa. Chapa ya jiwe ina chembe zisizo na mpangilio. Mchoro wa ubao una mistari mizima, haina nukta. Halafu geuza. Ukurasa wa gazeti la 1872 kwa kawaida una habari nyingine nyuma. Ukikuta nyuma kweupe na karatasi inang'aa, hiyo ni nakala ya kisasa. Na msilipe zaidi kwa sababu imepakwa rangi. Gazeti lile kwa kawaida lilichapwa kwa wino mweusi, na rangi nyingi mnazoziona zilipakwa na wauzaji miaka mingi baadaye ili bei ipande. Kuna jambo moja siwezi kulinyamazia: wapo wanaokata vitabu vizima vya kale ili wauze picha moja moja. Mtu akikuletea kitabu na wembe, kinunue kikiwa kizima.

Sasa nije kwenye kuilinda, na hapa nitakaa kidogo maana nimeumia.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya kitabu cha karne ya 19, mandhari ya Unyamwezi. Niliipeleka kwa fundi, akaishikiza kwa selotepu, akaweka hadibodi nyuma, kioo juu yake kikigusa karatasi, nami nikaitundika kwenye ukuta wa nje, ule unaoelekea ziwani. Nilifurahi sana. Mvua za Novemba zikaja, zikaendelea mpaka Aprili, na ukuta wa matofali ya kuchoma ukavuta maji. Nilipoishusha, karatasi ilikuwa imeshikana na kioo, imeota madoa ya kahawia kama kutu, na pembeni selotepu imeacha alama ya njano ambayo haitoki mpaka leo. Fundi hakuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa amemwambia, wala mimi sikujua.

Kwanza, ukuta. Kigoma tundika ukuta wa ndani, ule ambao pande zake zote mbili ni vyumba. Nyuma ya fremu, kwenye pembe mbili za chini, bandika vipande vya mpira wa ndala kuukuu ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Ukungu unapenda hewa iliyosimama. Ndugu zangu wa Tabora mna nafuu, kiangazi chenu ni kikavu, ila mchwa wenu hawana huruma. Shusheni fremu kila mwezi mwangalie nyuma.

Pili, kioo kisiguse karatasi. Weka kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, hiyo ndiyo inayoacha nafasi. Kadibodi ya maboksi na hadibodi zina asidi, na asidi huhamia kwenye picha ikaiunguza polepole. Kadibodi isiyo na asidi huku haipatikani kirahisi, huagizwa. Ukishindwa, tanguliza karatasi ya aluminiamu, ile ya kufunikia chakula, kati ya hadibodi na kadibodi safi iliyo nyuma ya picha. Aluminiamu haipitishi asidi.

Tatu, gundi. Pika gundi ya unga laini wa ngano, nyepesi, na ushikize picha kwa vibawa viwili vya karatasi nyembamba upande wa juu tu. Ichezecheze. Karatasi hutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Ukiibana pande zote nne itakunjamana. Gundi hiyo inatoka kwa maji hata baada ya miaka hamsini, na hiyo ndiyo sheria yangu kuu: usifanye jambo ambalo mwingine hawezi kulifungua.

Kuna mkono umeinuliwa. Ndiyo, fundi.

(Fundi seremala aliuliza: “Mwalimu, sisi tunatengeneza fremu za mninga. Nao una ubaya?”)

Mninga ni mti wetu wa miombo na mimi siubadilishi na fremu ya plastiki. Hauchezi, mchwa hawaupendi. Ila mbao yoyote mbichi hutoa asidi yake. Hakikisha imekauka barabara, na pale kwenye mfereji ambapo picha inakaa, weka ukanda wa ile ile aluminiamu ili karatasi isiguse mti. Ukifanya hivyo, fundi, fremu yako itawazika wajukuu wangu.

Jua nalo. Nendeni kwenye vinyozi vya mjini mkatazame kalenda za zamani: watu wote wamekuwa wa bluu. Nyekundu na njano huungua kwanza, bluu hubaki. Wino mweusi wa michoro ya kale ni wa masizi, haufifii, lakini karatasi yake hugeuka kahawia. Na mwanga hausamehe. Ukiitoa juani leo, kilichokwisha kuungua hakirudi. Kwa hiyo picha ya rangi ikae miezi mitatu ukutani, kisha ilale kwenye bahasha kabatini na nyingine ipande. Kama chumba chako kina jua la mchana kutwa, toa nakala utundike nakala hiyo.

Mtashangaa kwamba karatasi ya 1860 mara nyingine ni nyeupe kuliko kalenda ya 1980. Ile ya kale ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani; ya karibuni ni ya mbao zilizosagwa, na lignini, yaani gundi ya asili ya mti, iliyobaki ndani ndiyo inayoifanya iwe ya njano na kukatika kama kashata.

Urefu wa kutundika: majumba ya makumbusho huweka katikati ya picha kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, kwa sababu watazamaji wamesimama. Sebuleni kwetu watu wameketi, basi ishushe. Picha ya Makka ya bibi iacheni juu ilipo, ile ni adabu na ina maana yake. Lakini Susi na Chuma wawekeni mahali mtoto wa darasa la pili anaweza kusoma.

Na kabla ya kufunga fremu, andikeni kwenye karatasi tofauti, kwa penseli, muipachike nyuma: picha ilitoka wapi, ilikuwa ya nani, ilining'inia chumba gani. Mama mmoja aliyekaa hapa mbele ameleta picha ya Moyo Mtakatifu ya marehemu mama yake, aliyekuja nayo alipoolewa. Hakuna mwuzaji London anayeweza kuandika habari hiyo. Ni yeye tu, na ni leo.

Mezani kuna vioo viwili vya kukuzia na kipande cha kitambaa cheupe. Nawaeni mikono, mkaushe vizuri. Tutaanza na hiyo ya mama. Shikeni pembeni, kwa mikono miwili, na mtafute mahali jiwe jekundu lilipokosea.