Jaji Wetu, Jaji Wao

Asanteni. Mwenyekiti amenipa nusu saa, nami sehemu kubwa nitaimaliza kwenye siku moja tu: Septemba 1, 2017. Waliowahi kunisikia wanaijua hadithi hii. Nitaendelea kuirudia maadamu mazoea yetu ya kumpima jaji kwa upande aliouamulia hayajakoma.

Siku ile Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais, majaji wanne dhidi ya wawili. Tume ya uchaguzi ilikuwa imempa Rais Uhuru Kenyatta zaidi ya asilimia 54 ya kura. Seva, fomu, mawakili, hayo mnayajua. Mimi nataka tutazame midomo yetu wenyewe.

Baada ya matokeo kutangazwa, upinzani ulisema hauendi mahakamani. Walikuwa wamekwenda mwaka 2013 wakashindwa, na mashabiki wao wakiwaona majaji kuwa vibaraka wa Ikulu. Upande wa Jubilee, chama cha Uhuru, nao ukawahimiza: kama mna malalamiko, mahakama iko wazi. Haya, wakaenda. Jaji Mkuu David Maraga alipomaliza kusoma uamuzi, kila mtu akageuka. Aliyekuwa kibaraka asubuhi akawa shujaa, na waliosema mahakama iko wazi wakaiona imenunuliwa. Sheria ilikuwa ile ile, na majaji wale wale. Na hakuna aliyekuwa amesoma sababu za uamuzi, maana sababu kamili zilitolewa Septemba 20! Nchi nzima ilikuwa imeshaamua nani mwizi kabla ya ukurasa mmoja kusomwa.

Rais alihutubia taifa siku hiyo akasema hakubaliani na uamuzi ila anauheshimu. Alisema vizuri, na angeishia hapo. Lakini siku hiyo hiyo alikwenda soko la Burma, Nairobi, akawaita majaji wakora, na umati ukashangilia. Wapo wanaoniambia kila mara, "Mwalimu, ule ulikuwa utani wa jukwaani, siasa ina vichekesho vyake." Sikubali. Muuza nyama wa Burma akimwita jaji mkora, huo ni mzaha wake, aachwe. Amiri jeshi mkuu akisema hivyo mbele ya umati, anawaonyesha watu adui. Kesho yake aliahidi kwamba suala la mahakama litarudiwa.

Oktoba 24, dereva wa Naibu Jaji Mkuu, ambaye ni afisa wa polisi, alipigwa risasi akajeruhiwa. Simhusishi mtu yeyote na risasi ile. Sina ushahidi, na mimi si mtu wa kuhukumu bila ushahidi. Kesho yake Mahakama ya Juu ilikuwa na ombi la kusimamisha uchaguzi wa marudio. Wanahitajika majaji watano. Walikuja wawili. Kesi haikusikizwa, na Oktoba 26 watu wakapiga kura.

Sasa nyinyi vijana mnaochora katuni za wakubwa na kuwaigiza kwenye simu, nisikilizeni. Mwaka 1986 Wahome Mutahi, mwandishi aliyewachekesha Wakenya gazetini, alifungwa katika msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Rais Moi. Kesi za msako ule zilikuwaje? Mtu anatolewa vyumba vya mateso vya chini ya Nyayo House, jengo la serikali Nairobi, anafikishwa kwa hakimu jioni, hana wakili, anakiri, anafungwa. Hakimu alikuwepo, na joho alikuwa nalo. Alichokosa ni ujasiri wa kumuuliza mshtakiwa ameumizwa wapi.

Linganisheni. Desemba 2014 mwanablogu Robert Alai alishtakiwa kwa kuandika kwamba Uhuru ni rais mwenye akili za kibalehe. Mashtaka yalisimama juu ya kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, cha kudharau mamlaka ya afisa wa umma. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho kwa kuwa kinapingana na Katiba. Kabla yake, 2016, ilikuwa imefuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kikiwanasa watu kwa maneno ya mitandaoni. Mnacheka leo kwa sababu jaji fulani, ambaye pengine mlimtukana wiki iliyopita, alikataa kuogopa.

Najua swali linalokuja: majaji wamechaguliwa na nani? Hakuna aliyewapigia kura. Kweli. Lakini Katiba inayowapa kazi hiyo ilipigiwa kura Agosti 4, 2010, na karibu asilimia 67 wakasema ndiyo. Ukiikataa kwa sababu imekuumiza leo, usiikimbilie itakapokufaa kesho.

Na hili si la Jubilee peke yao. Januari 2024 Rais Ruto naye aliwashambulia majaji kwa madai ya ufisadi, na mawakili wakaandamana. Kama jaji amekula rushwa, iko Tume ya Huduma za Mahakama. Peleka ushahidi huko, si kwenye hotuba za mazishini.

Nilitaka pia kuzungumzia majaji walioteuliwa mwaka 2019 wakakaa karibu miaka miwili bila kuapishwa, na bajeti ya mahakama inavyokatwa kila uamuzi unapouma. Mwenyekiti ananionyesha saa. Malawi na uamuzi wao wa 2020 wa kufuta uchaguzi wa rais naiacha kabisa. Yule kijana wa nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Burma; mpeni kipaza sauti.