Kuoa na Kuolewa Baada ya Sitini: Mhadhara kwa Wastaafu, Dodoma

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu. Mimi ni wakili, nimeombwa nizungumzie mapenzi, na naona akina mama wa safu ya pili mmeshaanza kucheka. Chekeni tu. Wanaokuja ofisini kwangu huwa wameshaacha kucheka.

Tuanze na kumpata. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, wapo waliokuja kikazi, wakanunua viwanja Iyumbu na Nala, wakastaafia hapahapa. Baadhi wamefiwa, baadhi wameachana. Hukutana wapi? Nisiwadanganye: kwenye vikao vya harusi za watoto wao. Mwenyekiti mjane, mweka hazina mgane, basi hesabu za michango zitakaguliwa hata usiku! Wengine ni kwaya, jumuiya, vikoba. Uzuri wa huko ni kwamba unamwona mtu akishika fedha za watu na akichelewesha rejesho. Mchumba wa kwenye simu humwoni hivyo. Na akijitokeza wiki ileile mafao yako ya mkupuo yameingia, jiulize amepata wapi habari.

Wajane, ninyi mna la kwenu. Ukoo wa marehemu ukianza kuwapangia, wasomeeni kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: mjane yuko huru kuishi anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, mila iseme isemavyo. Kwa Mwislamu, eda ya miezi minne na siku kumi iishe kwanza. Mahari? Mkiona raha kuhesabu ng'ombe, hesabuni, lakini ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikutolewa.

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe, yaani nyumba. Chukulieni mzee ana nyumba Ipagala. Aliijenga na marehemu mkewe kwa mkopo wa kazini, watoto wakimwagilia tofali kila jioni. Analetwa mama mpya, watoto wananuna, mzee anadhani wanamchukia yule mama. Mama wa watu hata hawamjui, wanaihofia nyumba. Kisheria, ndoa peke yake haibadilishi mwenye mali: ya kwako ya zamani inabaki ya kwako. Lakini huyu mama akitoa kiinua mgongo chake, akapaua upya, akazungushia uzio, kifungu cha 114 kinamwona. Mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzio, au na ninyi wawili pamoja, inaweza kuingia kwenye mgawanyo siku ndoa ikivunjika. Tena nyumba mnayoishi kama mume na mke huiuzi wala huiweki rehani bila ridhaa yake.

Kwa hiyo mirathi ya marehemu ifunguliwe na ifungwe kabla mama hajaleta sanduku. Andikeni wosia, Waislamu mnajua hauvuki theluthi, na mrithi hausiwi. Na nina ushauri ambao wazee wengi hawaupendi: kama uwezo upo, hamieni kwingine, hata vyumba viwili vya kupanga Nkuhungu. Mama hatakula akitazamwa na picha ya marehemu, na watoto hawatakuja kuhesabu vijiko.

Wapo wanaosema, "Sisi, wakili, hatuoani, tunasindikizana tu." Mkikaa pamoja miaka miwili na zaidi, majirani wakawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 kinaruhusu mahakama idhanie kwamba mmeoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na kuipinga mara nyingi hutokea mmoja akiwa kaburini. Mkasajili tu.

Ya chumbani nayasema upesi maana mchungaji yupo. Nendeni mkapime pamoja. Ukomo wa hedhi unatibika adha zake, muulizeni daktari. Na wewe baba unayetumia dawa za moyo zenye naitreti, vile vidonge vya nguvu za kiume vinaweza kukushusha presha hadi ukafa. Usivinunue kwa kificho.

Naam, mzee wa koti la kaki, umeuliza watoto wakikataa kabisa itakuwaje. Hakuna kifungu kinachodai kibali cha watoto. Ridhaa inayotakiwa ni yenu wawili. Lakini wasikie kutoka kwako kabla ya kusikia tangazo la ndoa la siku 21, na usimtume shangazi. Waambie mmoja mmoja, ukianza na yule mkaidi. Ukiwaweka kwenye kikao watapeana moyo. Yule aliyeko Dar, panda treni umfuate. Na mchumba muache nyumbani siku hiyo.