Bati Linavuja: Namna ya Kulipata Tundu na Kuliziba Likazibika

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za saa hizi. Karibuni. Leo nipo Tanga, kwenye nyumba ya mama mmoja aliyehangaika na paa lake masika mawili mfululizo. Tazama hapa darini, juu ya kitanda. Doa hili la rangi ya chai ndipo maji yanapodondokea, na sufuria ya kukingia ile pale, bado iko sakafuni. Fundi aliyekuja kabla yangu alipanda juu, akakadiria sehemu iliyo sawa na doa, akapaka lami. Mvua iliporudi, pakavuja palepale. Akapaka tena. Nitakuonyesha hiyo lami tukifika juu: imerundikana kama kichuguu, na bati lililo chini yake ni zima kabisa. Tundu lenyewe liko mita moja na nusu juu zaidi, kuelekea kileleni.

Hilo lishike kabla hujagusa nyundo. Maji yakishaingia hayadondoki hapohapo. Huambaa chini ya bati, yakashika papi, yaani boriti nyembamba zinazopigiliwa bati, yakateremka na kenchi, yaani fremu ya paa inayozibeba papi, mpaka yakutane na kizuizi, ndipo yadondoke. Kwa hiyo ukitafuta tundu, anza usawa wa doa, kisha panda. Usishuke.

Tunaanza ndani. Chagua mchana wa jua kali, ingia juu ya dari kupitia mlango wake, na kanyaga mbao tu. Ukikanyaga jipsamu utatokea sebuleni. Zima tochi, tulia kama dakika moja macho yazoee giza. Unaona? Pale, na pale, na kile kidogo karibu na kenchi. Vimwanga hivyo kama nyota ni matundu. Kila kimoja nakipitishia spoku ya baiskeli kutoka chini, naiacha imechomoza nje. Nikipanda juu sitafuti tena, naona spoku zimesimama zenyewe. Sasa washa tochi umulike papi. Mbao iliyolowa mara nyingi huacha michirizi myeusi, na ukiufuata mchirizi kwenda juu utafika kwenye msumari. Kuna matundu yasiyopitisha mwanga kwa sababu kichwa cha msumari kimeyafunika, ila maji yanapita. Hayo mchirizi ndio unaoyataja.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya wenye nyumba za zamani. Kama paa lako si bati, ni yale mapana ya kijivu yaliyo kama saruji iliyokunjwa mawimbi, huenda ni asbesto. Usipande, usitoboe, usikate, usisugue kwa brashi. Hukatika ghafla ukilikanyaga, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Hilo si la kujifunzia kwenye video, tafuta wanaoruhusiwa kuliondoa.

Sasa tunapanda. Subiri umande ukauke, kwa sababu bati lenye umande ni utelezi mtupu, na usingoje saa saba mchana likuchome mikono. Ngazi isimame hivi: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na kichwa kipite ukingo wa paa kama mita moja ili upate pa kushika unaposhuka. Ifunge kamba. Tazama waya za umeme ziko wapi kabla hujainua ngazi, si baada. Vaa viatu vya raba, kandambili ziache chini. Na usipande peke yako nyumbani. Kijana wangu yule pale chini ameshika ngazi, na mwisho ndiye atakayemwaga maji.

Ukiwa juu, fuata mstari wa misumari. Chini ya misumari ndipo papi ilipo, na hapo bati litakubeba. Ukikanyaga katikati ya papi mbili, bati jembamba la geji 32 litabonyea na utakuwa umejitengenezea uvujaji mwingine.

Sogeza kamera. Spoku ya kwanza hii hapa, na msumari wenyewe huu. Nauinua kwa vidole viwili tu, unakuja. Mpira uliokuwa chini ya kichwa chake umekauka, umepasuka kama ngozi ya kisigino, robo yake haipo. Hapa ndipo paa nyingi zinapovujia, bati likiwa bado lina maisha yake. Bati hupigwa jua likarefuka, usiku likapoa likarudi. Bati la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka takriban milimita 1.4. Ni kidogo kwa macho, lakini linauyumbisha msumari kila siku ya Mungu, mwaka hadi mwaka, na mbao nayo inakauka na kusinyaa. Msumari unapanda polepole, tundu linatanuka.

Kosa ninaloliona kila nyumba ni kuugongelea chini msumari uleule. Shimo la kwenye papi limeshalegea, kwa hiyo miezi michache tu utakuwa umepanda tena. Ung'oe. Weka kipande cha ubao chini ya makucha ya nyundo, hivi, usije ukabonyeza mgongo wa bati. Kisha chukua skrubu ya bati yenye washa (kile kisahani cha chini ya kichwa) na mpira, iwe nene kidogo na ndefu kidogo kuliko msumari uliotoka, ili meno yake yashike mbao ambayo haijaguswa. Kama papi yako ni ya mbao, chagua skrubu yenye ncha kali. Zile zenye ncha kama ya drili ni za papi za chuma. Ifunge taratibu. Unaona mpira unavyoanza kujitokeza pembeni mwa washa? Simama hapo. Ukizidisha, mpira unakamuliwa wote unatoka nje, na jua litaumaliza mapema. Ukiikuta papi imeoza, skrubu haitakusaidia. Rudi ndani, pachika kipande kipya cha papi ubavuni mwa ile ya zamani, ndipo ufunge.

Kingine: kwenye bati la mawimbi, msumari unakaa mgongoni, si bondeni, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Nikiukuta wa bondeni, naung'oa na tundu lake naliwekea kiraka.

Kiraka chenyewe kinafanywaje? Tundu hili ni la kutu. Kwanza naligusa pembezoni kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, kutu imekula sana na bati hilo ni la kubadilisha, usipoteze hela ya kiraka. Hili limegoma, ni imara. Nasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, nafuta vumbi, napaka rangi ya kuzuia kutu, naiacha ikauke. Kata kipande cha bati lenye mawimbi yaleyale, kipite tundu kama sentimita 10 kila upande. Tumia mkasi wa bati. Grenda ni ya haraka, lakini cheche zake huunguza zinki, na kila ilipotua cheche patakuja doa la kutu. Upande wa juu wa kiraka, ukiweza, uchomeke chini ya bati la juu yake, maji yapite juu ya kiungo badala ya kugonga mlangoni. Pitisha mstari wa silikoni, ile gundi laini ya kuzibia, pande zote chini ya kiraka, kandamiza, kisha piga riveti, zile pini za kubana bati kwa bati, kila sentimita 5 au 6.

Silikoni nayo ina siri yake. Nusa. Ile inayonuka siki usiiweke kwenye bati la zinki, kwa sababu kweli ina asidi ya siki, na asidi hiyo inakula zinki. Omba dukani silikoni ya nje isiyo na asidi, inayofaa chuma. Kwa sisi wa pwani, ambao upepo wa bahari tayari unatuletea chumvi juu ya paa, tusijiongezee adui mwingine. Ukimaliza, fagia vumbi la chuma lote ulilotoboa, maana likilala juu ya rangi litapiga kutu kwa mvua moja.

Pale paa linapokutana na ukuta, wengi hupaka saruji. Saruji haitembei na bati linatembea, kwa hiyo itapasuka tu. Panahitaji bati lililokunjwa, ukingo wake wa juu umezamishwa kwenye mfereji uliochongwa ukutani.

Sijagusa lami hata kidogo, na sababu ni hii: mama huyu anakinga maji ya mvua kwenye tangi. Anachokitandaza mtu juu ya bati ndicho kinachoteremka na gata kwenda kunywewa na wajukuu.

Tujaribu sasa. Mimi narudi ndani na tochi, kijana anapanda na mpira wa maji. Anaanza chini ya paa, anamwaga kama dakika 5 bila kuhama, ndipo anapanda hatua moja. Akianzia juu, maji yatateremka kote na hatutajua yameingilia wapi. Kwa tundu la kwanza, kavu. La pili, kavu. Hapa karibu na kenchi... ngoja, kuna tone. Umeliona? Kuna msumari mmoja tuliuruka. Natia spoku, tunarudi juu.

Haya, tumeubadilisha, tumemwaga tena, papi ni kavu nimeishika kwa mkono. Kabla ya kushuka, chomoa bomba la gata kwenye tangi. Mvua ya kwanza ioshe paa, maji yake yamwagike chini. Ikishakatika, lirudishe.