Wanaokufa bila kukusudiwa: nyavu, pomboo na sheria inayohesabu

Asanteni kwa kuja, naomba niingie moja kwa moja maana muda ni mdogo na mambo ni mengi.

Pomboo sio samaki, ana mapafu kama mimi na wewe, lazima apande juu kila baada ya dakika kadhaa kuvuta pumzi, kwaiyo akinasa kwenye nyavu iliyotegwa chini na akashindwa kupanda ndo basi, anakufa kwa kukosa hewa, na mvuvi anakuja kumkuta wakati anavuta nyavu zake wala hakuwa na shida nae, yeye alifata samaki. Watafiti walishakadiria kwamba nyangumi na pomboo zaidi ya 300,000 wanakufa hivi kila mwaka duniani, na hapo hujagusa sili wala nguva.

Sasa watu wengi wakisikia "bila kukusudia" wanaona hakuna cha kuzungumza tena, bahati mbaya imetokea, tuendelee na mengine. Mimi nakataa. Kama nyavu ya aina fulani, kwenye eneo fulani, msimu fulani, inaua kila mwaka, basi vifo hivyo vinajulikana kabla boti haijang'oa nanga, na kitu kinachojulikana mapema unaweza kukiwekea kikomo. Kwaiyo leo nataka tuangalie nani anaweka kikomo, na nani yuko kule baharini anahesabu.

Nianze na Marekani kwa sababu wao ndo waliandika namba kwenye sheria. Sheria yao ya kulinda mamalia wa baharini ni ya mwaka 1972, lakini sehemu inayonivutia ni marekebisho ya 1994. Kabla ya hapo mwanasayansi alitakiwa kuonyesha kwamba kundi la wanyama linapungua, na kuonyesha hivyo kwa wanyama wanaoishi chini ya maji inachukua miaka na miaka, ukija kupata ushahidi wako wanyama wameshaisha. Marekebisho yakageuza mambo. Wakaja na hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwenye kikaratasi, nisikilizeni vizuri hapa. Unachukua idadi ya wanyama, sio ile makadirio ya katikati, unachukua makadirio ya chini, ile ambayo una imani kubwa kwamba hawako chini ya hapo. Unazidisha na nusu ya kasi ya juu kabisa ambayo kundi linaweza kuongezeka kwa mwaka, kwa nyangumi na pomboo kama hakuna takwimu zao wanatumia asilimia 4, kwaiyo nusu yake ni 2. Alafu unazidisha tena na namba ya tahadhari, kati ya 0.1 na 1, na walio hatarini kutoweka kwa kawaida wanapewa hiyo 0.1. Mfano kundi la 10,000 na namba ya tahadhari 0.5, jibu ni 100. Vifo vyote vinavyotokana na binadamu kwa mwaka, nyavu, meli kugonga, kila kitu, visizidi 100.

Uzuri wa hii hesabu ni kwamba kutojua hakumsaidii mtu. Ukihesabu wanyama vibaya vibaya, makadirio ya chini yanashuka, na kikomo kinashuka nayo, kwaiyo ghafla wavuvi wenyewe wanataka serikali itume ndege na meli kuhesabu wanyama vizuri. Sijaona kanuni nyingine ya uvuvi inayowapa watu sababu ya kutafuta ukweli namna hii, nasema kwa dhati.

Baada ya hapo kila aina ya uvuvi inapangwa. Ukiua nusu ya kikomo au zaidi wewe uko kundi la kwanza, ukiua asilimia 1 au chini uko la tatu, waliobaki katikati ni la pili. La kwanza na la pili lazima wajisajili na wapokee muangalizi akitumwa, yaani mtu wa kukaa botini na kuhesabu vifo, na mvuvi yeyote, hata wa kundi la tatu, akimjeruhi au kumuua mnyama lazima aripoti ndani ya masaa 48 baada ya kurudi. Pale vifo vinapozidi wanakaa mezani wavuvi, wanasayansi, watetezi wa wanyama na maofisa, wanatengeneza mpango wa kushusha vifo chini ya kikomo ndani ya miezi 6. Kukaa mezani na mtu mnayegombana nae ni kazi, lakini mvuvi anajua vitu ambavyo hakuna profesa anavijua, nyavu inakaaje mkondo ukibadilika, pomboo wanapita saa ngapi.

Tuone sasa hii njia ya kuweka kikomo ilipofanya kazi. Mashariki mwa Pasifiki jodari wanaogelea chini ya pomboo, kwaiyo meli zikawa zinazungushia nyavu pomboo makusudi ili kuwapata jodari, na miaka ya 60 walikufa laki kadhaa kila mwaka. Manahodha wakabuni mbinu ya kurudisha meli nyuma ili ukingo wa nyavu uzame na pomboo wapite juu, wakaweka na kipande chenye matundu madogo ili midomo ya pomboo isinase. Lakini kilichokaza mambo ni makubaliano ya kimataifa, yale ya La Jolla ya 1992 na mkataba uliofuata ambao ulianza kutumika 1999, kila meli kubwa ina muangalizi kila safari, na kila meli inapewa kikomo chake yenyewe cha vifo, ukikifikisha hutegi tena kwenye pomboo mpaka mwaka uishe. Mnaona hapo? Nahodha mzembe hawezi kujificha nyuma ya wenzake. Vifo vinavyohesabiwa vimeshuka mpaka chini ya asilimia 1 ya vile vya zamani. Ila niseme na hili, makundi yenyewe hayajarudi kwa kasi iliyotegemewa, na moja ya maelezo ni kwamba kukimbizwa na boti kunawatenganisha mama na watoto, na kifo cha mtoto aliyeachwa nyuma muangalizi hakioni.

Iliposhindwa ni Ghuba ya California, Mexico. Kuna pomboo mdogo anaitwa vakita, haishi popote pengine duniani. Mwaka 1997 walikadiriwa 567, leo wamebaki kama 10 hivi. Anauawa na nyavu za totoaba, samaki ambaye kibofu chake cha hewa kinauzwa China kwa hela nyingi sana. Kumvua totoaba kumekatazwa tangu 1975, nyavu zile zikazuiwa kwa muda 2015, zikapigwa marufuku moja kwa moja 2017, na bado zikaendelea kutegwa. Marufuku ilikuwepo, lakini zana mbadala haikumfikia mvuvi kwa wakati na usiku hakukuwa na mtu wa kumkamata. Mwaka 2022 jeshi la majini likazamisha vitalu vya zege vyenye ndoano vinavyonasa nyavu, na hicho kitu kinafanya kazi kwa sababu zege hailali. Inaniuma kwamba ilichukua miaka yote hiyo.

Na kuna aina moja ya nyangumi wa Atlantiki ya kaskazini, wale wa pwani ya Marekani na Kanada, wako chini ya 400, kikomo chao kwa ile hesabu hakifiki hata mnyama mmoja kwa mwaka. Zaidi ya asilimia 80 yao wana makovu ya kamba, zile zinazotoka kwenye madema chini mpaka boya juu. Zipo zana ambazo kamba inakaa chini na boya linapanda likiitwa kwa sauti, bei yake bado ni kubwa. Mwisho wa 2022 bunge la Marekani likasimamisha kanuni mpya za uvuvi huo wa madema mpaka mwisho wa 2028. Mimi naona walikosea, ile hela ya kumsaidia mvuvi anunue zana ndo ingekuwa jibu, sio kuongeza miaka.

Niliulizwa kabla hatujaanza, je boti ndogo ambazo hazina nafasi ya muangalizi? Hapo ni kamera, inafungwa juu ya sehemu ya kuvutia nyavu, na mtu anapitia sehemu ya picha zile nchi kavu. Ila picha ziwe mikononi mwa nani, na mvuvi aliyeripoti mwenyewe asiadhibiwe kwa kuripoti, haya mawili yaandikwe kwenye kanuni kabla kamera ya kwanza haijafungwa, maana mkiyaacha yaje baadae kamera zitafunikwa matambara na mtabaki bila hesabu. Karibuni na maswali mengine.